Mawe ya Mkono wa Kushoto

Mke wangu alipaka chokaa mawe ya kambi ya jeshi kwa miaka thelathini na mmoja. Watu walimwita Mama Chokaa, naye aliitika. Amefariki mwaka huu, kabla ya mvua. Msanii ameniomba niandike habari zake ziwekwe kwenye kitabu cha maonyesho. Nilimwambia mimi herufi nimezijua ukubwani na maneno sina mengi. Akasema, "Hayo hayo machache, mzee."

Mnaokuja kambini leo mnaona picha na vitu vilivyotundikwa. Zamani palikuwa na geti la nondo, na ukiingia, njia nyoofu mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Kila upande wa njia mawe themanini na mawili, makubwa kama kichwa cha ndama, yamepangwa kwa kuvuta kamba. Askari walikuwa na bunduki zao, mpishi alikuwa na masufuria yake, mke wangu alikuwa na mawe.

Mawe yalipakwa kila mwezi, na kila wakija wageni. Hata kama mgeni ni mkubwa mmoja aliyekuja nusu saa kukagua vyoo, mawe lazima yawe meupe. Mke wangu hakuwa akiambiwa "kapake." Aliambiwa, "Kesho kuna wageni," basi. Mengine aliyajua mwenyewe.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko nje ya geti, mkono wa kushoto ukiwa unaingia, na bado kipo. Buti za askari ndizo zilizonilisha. Siku moja mpakaji mpya wa chokaa, msichana mwembamba, alikuja mpaka kwenye nondo kutoka ndani akanipitishia viatu vyake. Ngozi ilikuwa imepasukapasuka kama tope la kiangazi.

"Hivi viatu umevipika?" nilimuuliza.

"Chokaa inavila."

"Mbona wewe haijakula?"

"Shona viatu, fundi. Mdomo utaushona baadaye."

Akakaa kungoja, miguu mitupu, kwenye jiwe la kwanza la mkono wa kushoto. Kutoka kwangu ni hatua mbili, katikati nondo tu.

Sasa, chokaa ikiwa mbichi huioni. Jiwe linaonekana limelowa maji, la kijivu. Weupe unakuja baadaye ikikauka. Jiwe lile alilipaka mwenyewe saa moja kabla, akasahau. Nilipomrudishia viatu akainuka, akashukuru, akageuka. Sketi yake ilikuwa nyeusi, na nyuma kulikuwa na mwezi mzima. Alitembea nao njia nzima mpaka mlingotini, na askari wa zamu akampigia saluti. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Kesho yake alikuja na hasira zake.

"Uliona ukanyamaza!"

"Ningesemaje? Samahani dada, nyuma kumepambazuka?"

Alijaribu kununa, akashindwa. Mwaka uliofuata tulioana. Nilimtengenezea viatu vya tairi la lori, maana mpira chokaa haiuwezi. Alivaa jozi saba katika maisha yake. Ya saba iko mlangoni, sijaitoa.

Kazi yake aliifanya hivi. Chokaa mbichi anaitia kwenye pipa jioni, anaimwagia maji akiwa amesimama mbali, maana inachemka na kurusha kama mafuta. Asubuhi imetulia. Anaichuja kwa kipande cha chandarua. Anatia chumvi ishike, anatia bluu kidogo ya kufulia iwe nyeupe zaidi. Uji uwe mwepesi. Anapaka mara mbili, siyo mara moja nzito. Nzito inabambuka. Askari waliopewa adhabu ya kumsaidia walipenda kupaka nzito wamalize upesi, naye alikuwa akiwafuata nyuma akiwasema kama wanawe. Nasikia mmoja wao baadaye akawa mkubwa sana. Huyo mke wangu aliwahi kumrushia brashi.

Nyumbani hakuwa mtu wa kelele. Aliniita Fundi, hata mbele ya binti yetu, hata tukigombana. Vidole vyake vilikuwa vimekauka, usiku alivipaka mafuta. Alijua mawe yake jiwe kwa jiwe. Mimi nilidhani anatania.

Kambi ilifungwa ghafla. Malori yalikuja siku tatu yakabeba vitu. Siku ya nne mke wangu alikwenda na pipa lake kwenye mkokoteni, chokaa ameshachanganya. Askari aliyebaki getini akamzuia.

"Mama, kazi imekwisha."

"Imekwisha vipi? Chokaa hii hapa."

"Kaimwage."

Alimfungia geti. Nilikuwa kwenye kibanda changu, niliona. Alisimama pale na brashi mkononi kama dakika kumi. Hakuna aliyemuaga, hakuna aliyemwambia asante. Miaka thelathini na mmoja, na neno la mwisho likawa "kaimwage."

Hakuimwaga. Alirudi nayo nyumbani akapaka nyumba yetu, akapaka choo, akapaka ukuta wa jirani yetu kinyozi bila kumuuliza. Kinyozi akatoka na mkasi mkononi. "Mama Chokaa, na mimi utanipaka?" Mke wangu akamwambia asimame sawasawa. Ilipokwisha chokaa, akakaa.

Alikaa miaka kumi na mmoja. Simaanishi hakufanya kazi za nyumbani. Alipika, alifua. Lakini alikuwa amekaa. Waliowahi kuishi na mtu wa hivyo watanielewa. Kila siku aliniletea chakula kibandani, na kila siku alichungulia kwenye nondo. "Angalia yanavyobambuka," alisema. Mara nyingine hilo ndilo neno pekee nililolisikia kwake tangu asubuhi. Majani yaliota njiani. Mawe yakawa na mabaka kama mtu mwenye ugonjwa wa ngozi.

Halafu wakaja watu wa sanaa.

Kwanza tulisikia itakuwa hoteli. Kisha gereza. Kinyozi aliapa kuwa ni kiwanda cha maji ya chupa, na yeye ameshaahidiwa kazi ya kuonja. Siku walipofungua geti aliingia mama mmoja wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi. Huyo ndiye Msimamizi. Alisema majengo yatabaki kama yalivyo, ila ndani wasanii wataweka kazi zao, na watu watakuja kuangalia. Mke wangu alikwenda siku hiyo hiyo kuomba kazi, amevaa viatu vya tairi na kitenge kizuri.

"Unajua kufanya nini, mama?" Msimamizi alimuuliza.

"Najua humu ndani."

Alipewa ufagio na shada la funguo. Jioni alirudi nyumbani akazitundika funguo zile kwenye msumari juu ya kitanda, akaziangalia. Usiku ule aliongea mpaka nikalala nikimwacha anaongea.

Tangu hapo nyumba ilikuwa na habari. Kila jioni aliniletea mambo ya huko.

"Fundi, leo kuna dada ametundika vitanda vya bweni darini."

"Vitalaliwa na nani?"

"Nimemuuliza. Anasema vitalaliwa na macho."

"Macho ya nani?"

"Kula, Fundi. Na mimi sikuelewa."

Mwingine alijaza maji helmeti arobaini, akawa anazigonga zinalia kama kengele. Mke wangu alisema hiyo ni nzuri, ila helmeti zina kutu, wangemwambia angezisugua. Alipenda kusugua. Wasanii walimpenda, lakini walimwogopa kidogo.

Kilichomsumbua ni kimoja. Mawe hayakuwepo njiani. Lori liliyazoa yote siku ile ile geti lilipofunguliwa, kabla hajaanza kazi, likayapeleka kwenye ghala la silaha, na ghala hilo lilifungwa. Alikuwa na funguo zote isipokuwa wa hapo. Aliniambia hatauliza. "Nikiuliza sana wataniona msumbufu, watanitoa." Hilo ndilo aliloliogopa. Hakuogopa kufa, hata mwishoni. Aliogopa kutolewa tena kwenye lile geti.

Siku mbili kabla ya ufunguzi Msimamizi alimpa ufunguo wa ghala. Alikuwa na haraka, simu sikioni. Alimwambia, "Mama, keshokutwa kuna wageni. Hakikisha kila kitu kiko tayari."

Maneno yale yale: kuna wageni.

Aliniamsha saa kumi na moja alfajiri. Tukaenda wote, maana alihitaji mtu wa kubeba maji. Chokaa alikuwa nayo, ameshaichanganya jioni. Mfuko mmoja aliununua zamani akauficha chini ya kitanda, mimi nikijua na nikinyamaza. Alifungua ghala. Mawe yake yalikuwa humo, yametawanywa sakafuni, mengine juu chini, machafu, magamba ya chokaa yamelala pembeni yake. Kwenye dirisha kulikuwa na taa zimeelekezwa chini. Mke wangu alishika kiuno.

"Wametupa tu," alisema. "Na kesho wageni."

Sikuwa na wazo jingine. Nani angekuwa nalo? Mimi nilibeba maji ndoo kumi na mbili. Kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu, na nilimwambia hivyo Msanii baadaye.

Alianza mkono wa kulia. Hakupanga ovyo. Alitembea katikati ya mawe, anainama, analigeuza moja, "Siyo wewe," anakwenda jingine, "Njoo." Nilimsukumia alilolionyesha. Saa tatu mawe themanini na mawili yalikuwa kwenye mstari, amevuta kamba, na amepaka mara ya kwanza. Milango tulikuwa tumeifungua, jua na upepo vinaingia. Alikuwa anafuta jasho aanze mkono wa kushoto, Msanii, huyu aliyeniomba niandike, akaingia na Msimamizi.

Msanii ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Nywele amezifunga kisogoni kwa kamba ya kiatu. Aliangalia mstari.

"Mama, umeyaosha?" alisema. Hakupenda, lakini alikuwa na adabu. "Umeyasogeza pia. Haya, si neno. Nina muda wa kuyarudisha. Yakauke kwanza."

"Ndiyo, yakauke," mke wangu alisema.

Wakasimama wanazungumza habari za taa. Na mawe yakaanza kukauka. Nilikwisha kuwaambia chokaa ilivyo. Jiwe la kwanza karibu na mlango likapauka, likawa jeupe. Likafuata la pili. Msanii aliacha kusema katikati ya neno. Weupe ulikwenda kwenye mstari kama mtu anayetembea, mpaka ndani, mpaka mwisho. Mke wangu alikuwa anatabasamu. Alidhani wanafurahi.

Msanii alikaa chini sakafuni, pale pale kwenye vumbi.

"Nimeyapanga mwezi mzima," alisema. Hakupiga kelele, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kila jiwe. Kila gamba. Yalitakiwa yawe yameachwa, mama. Yameachwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe."

Mke wangu aliniangalia. Tabasamu lilikuwa bado halijaondoka usoni, lilikuwa halijui liende wapi.

"Hiyo ilikuwa kazi?" alisema. "Nilidhani mmetupa."

Msimamizi alivaa miwani, akaivua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wageni mia mbili kesho. "Mama," alisema, "naomba funguo."

Alizitoa. Shada zima. Aliufungua mkono pole pole kidole kimoja kimoja. Mimi nilisema nilichoweza: "Maji nimebeba mimi." Hakuna aliyenisikia. Tukachukua pipa letu tukatoka, mara ya pili, geti lile lile.

Siku ile hakula. Binti yetu alipiga simu kuuliza habari za ufunguzi, nikamwambia mama yake amelala. Alikuwa amekaa kitandani anaangalia msumari.

Asubuhi alivaa kitenge kizuri na viatu vya tairi. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Kukuletea chakula kibandani," alisema. Saa mbili asubuhi! Lakini sikumzuia. Alisimama kwenye nondo kama zamani na bakuli mkononi, anaangalia wageni wanavyoingia. Nilijifanya nashona.

Saa nne nikaona mtu anakuja mbio njiani kutoka ndani. Ni Msanii. Nywele zimefumuka.

"Mama, wageni wameingia ghalani."

Mke wangu alirudi nyuma hatua. Alidhani kuna kosa jingine.

"Nimeshindwa kuyarudisha," Msanii alisema. "Usiku mzima nimeyaangalia. Halafu nikaona nina picha ya zamani ya njia, ya siku ile kabla lori halijazoa. Nikalinganisha. Mama, yale themanini na mawili uliyapanga kama yalivyokuwa njiani?"

"Sasa ningeyapangaje?"

"Umejuaje? Yanafanana yote!"

"Hata watoto wako watafanana, kwa jirani."

Akacheka. Alikuwa mtu aliyechoka na akacheka, macho mekundu. "Wananiuliza ni nini hiki, upande mmoja mweupe na upande mmoja umetupwa. Na mimi sina la kuwaambia. Njoo uwaambie wewe."

"Mimi? Niwaambie nini?"

"Unayoyajua."

Alinipa bakuli. Alipita getini. Nilifunga kibanda nikawafuata. Viatu vya watu vilingoja.

Alisimama mbele ya wale watu na mikono nyuma. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Alikuwa amezoea kuongea na mawe, na mawe hayakutazami. Basi akageuka akawapa watu mgongo, akaongea na mawe, wakamsikia vizuri.

"Huyu ni Sajini," alisema. "Ukimsimamisha wima analala. Kila asubuhi namwinua. Huyu kavunjika sikio, ni lori la maji, dereva alikuwa anamwangalia nesi. Huyu nilimpaka mara nne siku moja, mkubwa alisema atakuja asubuhi, akasema mchana, akasema jioni, hakuja." Watu wakacheka. "Hapa alikaa mke wa askari siku tatu, anangoja lori lirudi."

"Likarudi?" mtu akauliza.

"Likarudi. Mumewe hakuwemo." Akaligusa jiwe, akaenda la pili yake.

Alikwenda mstari mzima wa kulia. Kisha mtu akauliza yale yaliyotawanyika, na yeye akaanza kuyataja yalipokuwa njiani: lile la arobaini, lile la sita, lile kule pembeni la mwisho kabisa lilikuwa chini ya mlingoti, kamba ya bendera ikianguka inaliangukia. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Watu walipotoka alimwendea mke wangu, akamshika mkono, akamrudishia shada la funguo humo mkononi.   Mke wangu akaanza kuzihesabu.

Maonyesho yalikuwa ya miezi mitatu. Kila siku saa nne na saa tisa mke wangu aliwatembeza watu kwenye mawe. Asubuhi alifagia, maana alikataa kuacha ufagio. Msanii alikaa na daftari anaandika jina la kila jiwe na mahali pake. Jambo moja tu waligombana mpaka mwisho, nalo ni ule upande wa kushoto.

"Kama mtu aliyenyolewa nusu, kinyozi akaenda kula," mke wangu alimwambia. "Unanitia aibu, mwanangu."

"Mama, wewe nusu yako unayo. Niachie yangu."

"Yako chafu."

"Ndiyo, chafu. Niachie hivyo hivyo."

"Una nyumba wewe? Nikija kwako nitakuta vyombo vya tangu lini?"

Hakumwachia hata siku moja. Mwisho Msanii alimwahidi: maonyesho yakiisha, mawe yatarudi njiani, na atayapaka yote, pande zote mbili, apendavyo. Mke wangu alikuja nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyepewa kiwanja. Alinituma chumvi. Alitengeneza brashi mpya ya katani, akaifunga kwa uzi wangu wa viatu, ule mzuri, bila kuomba.

Ugonjwa ulikuwa mfupi. Sitaueleza. Alifariki siku kumi na moja kabla ya maonyesho kufungwa. Kinyozi alifunga duka siku tatu. Wasanii walikuja wote, hata wa vitanda. Msimamizi alizirudisha funguo mwenyewe kwenye msumari wetu, akasema zikae.

Baadaye nilifungua kibanda kwa sababu sikujua pengine pa kukaa. Viatu sikushona. Binti yetu alitaka nihamie kwake. Nilimwambia nitafikiri.

Mvua zilipoisha Msanii alikuja kibandani. Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Kamba ya nywele ilikuwa imekatika, nikampa nyingine.

"Mzee, mawe yanarudi njiani kesho," alisema. "Ya kulia ninaweza. Ya kushoto hayajapakwa. Nilimwahidi."

"Mimi sijui kupaka," nilisema. "Mimi nilibeba maji."

"Brashi unayo?"

Brashi ninayo.

Jioni ile ile nilichanganya, nikasimama mbali. Asubuhi yake nikachuja. Nilipotaka kupaka nikaona nimesahau chumvi, Msanii akasoma kwenye daftari lake kwamba ni vikombe viwili, na bluu kiasi cha kucha moja. Alikuwa ameandika hata hiyo. Uji wangu ulikuwa mzito. Akasema, "Nzito inabambuka," kwa sauti ile ile ya mke wangu, kisha akaona alivyosema akaangalia kando.

Tulivuta kamba. Yeye anasoma, mimi nasukuma, naye kwa kuwa ana nguvu ananisaidia. La themanini na mbili chini ya mlingoti, la themanini na moja, tukirudi nyuma kuelekea getini. Alijua majina yote. "Huyu ni yule mwenye tundu la risasi," anasema. "Huyu anakaliwa na mjusi." Niliona kwamba anayajua kuliko mimi niliyelala na mwenye mawe miaka arobaini. Sikuona wivu. Nilisikia nafuu fulani, kama mtu ametua mzigo na kuna aliyeuchukua upande wa pili.

Jioni tulifika getini. Limebaki moja.

"La kwanza mkono wa kushoto," Msanii alisema. Akafungua ukurasa wa mwisho, ulikuwa mtupu. "Hili hakuniambia. Wageni wakifika hapa alilipita. Nilimuuliza mara nyingi. Mwisho akasema, hilo kamuulize Fundi."

Nilikaa chini kidogo. Siyo kwamba nilichoka.

Kisha nikamweleza. Viatu vilivyopasuka, nondo, sketi nyeusi, saluti. Aliandika mwanzo, halafu akaacha kuandika akashika mbavu. Alicheka mpaka Msimamizi akatoka ofisini kuangalia. Ikabidi nirudie kwa Msimamizi, na yeye akavua miwani akafuta macho. Mara ya pili nilieleza vizuri zaidi. Niliwaonyesha hata alivyotembea.

Nililipaka mwenyewe lile la kwanza. Mara mbili, nyepesi. Lilikuwa la kijivu, limelowa, huwezi kuona kitu. Msanii akataka kukaa apumzike, nikamvuta shati kabla hajakaa.

"Utatembea hivyo mjini," nilimwambia.

Tukasimama tukilingoja. Msimamizi akauliza kama nitaweza kuja kila mwezi, maana maonyesho mengine yanaanza karibuni na wageni watakuwapo. Nilimwambia chokaa iliyokuwa chini ya kitanda imekwisha. Anunue mfuko mwingine, na chumvi.